Mzigo Juu ya Maji: Aina za Kreni za Ziwani na Baharini, na Namna ya Kuzitunza

Maandishi ya mada kwa viongozi wa BMU, wafugaji wa samaki kwenye vizimba, mafundi wa gati na waendeshaji wa vyombo, Migori na Homa Bay



Kreni ikitajwa, wengi huwaza bandari ya Mombasa na zile mashine ndefu kama twiga zinazoshusha makontena. Lakini kuanzia Muhuru Bay na Sori hadi Sindo, Mbita, Homa Bay mjini na Kendu Bay, kuinua mzigo juu ya maji ni kazi ya kila siku. Injini ya boti ya nguvu farasi 40 ina uzito wa takriban kilo 70. Pipa la lita 200 likijaa petroli lina kilo 160 na ushei. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, inayovushwa kwenda Mfangano kujenga nyumba, ni tani 1 kamili. Mizigo hii mingi bado hupanda na kushuka kwa mabega ya vijana. Mabega yakishindwa, hufungwa kapi ya mnyororo, ile mafundi huiita cheni bloki, au huchomelewa mkono wa chuma kwenye nguzo. Na kadiri ufugaji wa vizimba unavyokua, ndivyo kreni ndogo za kufungwa kwenye boti za kazi na majukwaa yanayoelea zinavyozidi kuhitajika.

Hiyo ni hatua njema, kwa sababu mgongo wa kijana hauna vipuri. Shida ni kwamba kreni iliyotengenezewa lori au karakana, ikipelekwa juu ya maji, haibaki kreni ile ile. Kibati chake kinaendelea kusema tani 2, ila ziwa halisomi kibati. Ndiyo maana sekta ya mafuta na gesi baharini, inayoinua mizigo mchana na usiku mbali na nchi kavu, imeziwekea kreni zake masharti makali kuliko yale ya nchi kavu. Masharti hayo yana mengi ya kumfaa mtu wa Remba au Karungu mwenye kapi moja tu.

Maji hubadilisha hesabu

Jambo la kwanza ni umbali. Uwezo wa kreni si namba moja. Kreni inayoweza kilo 1,000 mzigo ukiwa mita 2 kutoka kwenye nguzo yake, ikinyoosha mkono hadi mita 4 hubaki na takriban kilo 500, na ukitoa uzito wa mkono wenyewe hubaki chini ya hapo. Kwa sababu hii kila kreni halali huja na jedwali la mizigo linaloonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali. Kreni isiyo na jedwali ni chuma tu kilichosimama.

Jambo la pili ni kuinama. Chukua boti yenye kreni ambayo ncha ya mkono wake iko mita 8 juu ya sitaha. Boti ikiinama nyuzi 5 tu, kiasi ambacho abiria aliyeketi hatakishughulikia, ncha ile husogea karibu sentimita 70. Mzigo unatoka nje zaidi, umbali unaongezeka, boti inainama tena. Mduara huu ukianza, mwendeshaji ana sekunde chache za kuamua.

Jambo la tatu ni mshtuko. Mzigo umekaa kwenye boti inayopanda na kushuka na mawimbi, kreni iko gatini. Kamba inakazwa boti ikiwa juu, kisha boti inashuka ghafla. Hapo kamba haipokei uzito wa mzigo peke yake. Inapokea uzito pamoja na kishindo. Kreni za baharini huwa na majedwali kadhaa kwa sababu hiyo: moja la maji matulivu, mengine kwa kila kimo cha mawimbi, na uwezo ulioandikwa hupungua kadiri mawimbi yanavyokua. Wavuvi wa Nam Lolwe hawahitaji kufundishwa kwamba maji ya asubuhi si maji ya alasiri. Kinachohitajika ni kuiingiza elimu hiyo katika kazi ya kuinua: mzigo mzito uinuliwe asubuhi, au usubiri kesho.

La nne husahaulika kuliko yote, nalo ni maji yaliyomo ndani ya mzigo wenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ina tani 1. Boti iliyozama, ikiwa bado chini, hubebwa kwa sehemu na maji yanayoizunguka. Mara tu ukingo wake unapotoka juu, kila ndoo iliyomo ndani inakuwa mzigo wa kreni. Wavu wa kizimba uliojaa mwani na gugu maji nao unaweza kuwa mzito mara kadhaa kuliko ulivyokuwa mkavu. Dawa ni kuinua polepole, kusimama mzigo ukifika usoni mwa maji, na kuacha maji yatoke kabla ya kuendelea. Gari lililozama katika kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilitolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha takriban mita 58. Siku zile 12 zilimfundisha kila Mkenya aliyekuwa akifuatilia habari kwamba kuinua kitu kutoka chini ya maji si suala la kutupa ndoano na kuvuta.

Aina za kreni

Kreni nyingi za majukwaa ya mafuta na gesi ni za nguzo: nguzo nene ya chuma inaunganishwa na sitaha, juu yake kuna beringi kubwa ya duara, na kreni nzima inazunguka juu ya beringi hiyo. Tofauti kubwa iko kwenye mkono.

Upo mkono wa fito zilizosukwa kama mnara wa simu. Ni mwepesi kwa urefu wake, hufika mbali, na fito iliyopinda inaweza kubadilishwa peke yake. Udhaifu wake ni maungio mengi, na kila ungio ni mahali pa kutu kujificha. Upo mkono wa sanduku, yaani bamba nne za chuma zilizochomelewa. Huu ni mzito zaidi lakini ni rahisi kuupaka rangi na kuukagua. Upo mkono wa kuchomoka, kipande ndani ya kipande, unaofanana na wa kreni za lori zinazoonekana barabarani. Mkono huu hauyapendi sana mazingira ya maji, kwa kuwa mchanga na unyevu huingia kati ya vipande.

Aina inayofaa zaidi kwa boti ndogo za kazi na majukwaa ya vizimba ni mkono unaokunjika kama kiwiko. Huendeshwa kwa mafuta ya haidroliki, hukunjwa na kulala sitahani safari ikianza, na muhimu zaidi, ncha yake inaweza kushushwa karibu na mzigo. Kamba ikiwa fupi, mzigo hauyumbi sana. Kwa mtu anayeinua kapu la samaki au mfuko wa chakula cha samaki boti ikitikisika, ufupi huo wa kamba una faida kuliko nguvu ya ziada.

Zipo pia zile za umbo la herufi A nyuma ya meli, za kuteremsha vifaa vya utafiti na kuvuta nyavu, na mikono miwili ya kuteremshia mashua za kuokolea. Hizi za mwisho hukaa miaka bila kutumika, kisha siku moja zinatakiwa zifanye kazi mara moja bila kosa. Zisipojaribiwa mara kwa mara ni mapambo.

Halafu kuna kreni zinazoelea, ambazo ni meli nzima zilizojengwa kwa ajili ya kuinua. Iliyo kubwa miongoni mwake, Sleipnir, ina kreni mbili za tani 10,000 kila moja. Meli ya namna hiyo haiwezi kufika Ziwa Victoria, maana hakuna njia ya meli kutoka baharini hadi huku. Kila chombo kikubwa cha ziwa hili kilijengwa hapa hapa au kililetwa vipandevipande. SS William Mackinnon, iliyoteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, ililetwa ikiwa imegawanywa katika mizigo, na miaka sitini na ushei baadaye MV Uhuru nayo ilitengenezwa Scotland na kuunganishwa upya Kisumu. Kwa hiyo siku ya dharura, vifaa vya kuinulia vitakavyotumika ni vile ambavyo tayari viko ziwani. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, kuigeuza tu meli hiyo kulichukua siku kadhaa. Kapi ndogo ya Mbita au Sori haiwezi kugeuza kivuko, lakini inaweza kushikilia boti ya abiria isizame zaidi watu wakitolewa, endapo iko mahali pake na inafanya kazi.

Afrika Mashariki nayo ina uzoefu wa kuinua katikati ya maji. Meli ya kuchimba Deepsea Metro I ilichimba kisima cha Mbawa-1 nje ya Lamu mwaka 2012. Karibu zaidi na hali ya hapa ni Ziwa Kivu nchini Rwanda, ambako jukwaa la KivuWatt linaelea takriban kilomita 13 kutoka ufuoni likivuta gesi ya methani kutoka chini ya ziwa kwa ajili ya kituo cha umeme cha megawati 26. Pampu ikiharibika kule haiji lori kuichukua. Kila kipuri huvushwa na kuinuliwa juu ya maji baridi kama haya ya kwetu.

Ndoano ya Rostock

Tarehe 2 Mei 2020, katika bandari ya Rostock, Ujerumani, meli mpya iitwayo Orion ilikuwa ikifanyiwa jaribio la kreni yake yenye uwezo wa tani 5,000. Jaribio lililenga tani 5,500. Mzigo ulipofika takriban tani 2,600, chini ya nusu, ndoano ilivunjika. Mkono wa kreni, ulioachiliwa ghafla na uzito, ulirushwa nyuma na kuanguka juu ya meli. Watu kadhaa walijeruhiwa.

Kreni ile ilikuwa mpya, imezungukwa na wahandisi, katika nchi yenye sifa ya vyuma. Na mkasa wenyewe ulitokea kwenye jaribio, yaani mahali ambapo kasoro inatakiwa ionekane kabla kreni haijapewa kazi. Anayenunua ndoano ya bei nafuu bila chapa wala cheti, na kuifunga gatini bila kuijaribu, anaruka hatua ile iliyowagundulisha watu wa Rostock. Ndoano, shakeli au mnyororo wowote usio na namba ya uzito unaoruhusiwa iliyogongwa kwenye chuma chenyewe usitumike kuinulia. Ufunge ng'ombe, lakini usiinue injini.

Kamba ya waya

Kama kuna sehemu moja ya kutazamwa kila siku, ni kamba ya waya. Ndiyo inayobeba kila kitu na ndiyo inayochakaa haraka kuliko yote. Uzuri wake ni kwamba haikatiki bila kutoa taarifa, ila taarifa hiyo inataka macho.

Kamba hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba zilizosokotwa kuwa misuko, na misuko, mara nyingi 6, ikasokotwa kuzunguka kiini. Umbali ambao msuko mmoja hutumia kuzunguka kamba mara moja ndio kipimo cha mkaguzi. Kanuni inayotumika sana kwa kamba za kreni ni hii: nyuzi 6 zilizokatika kwa kutawanyika ndani ya mzunguko mmoja, au nyuzi 3 katika msuko mmoja, zinatosha kuitupa kamba. Iliyopungua unene kwa zaidi ya asilimia 5 hutupwa. Iliyojikunja kifundo, iliyofura kama kizimba cha ndege, iliyopondwa au iliyoungua kwa cheche za kuchomelea hutupwa pia, hata kama ilinunuliwa mwezi uliopita. Kuitupa maana yake ni kuikata vipande. Kamba mbovu iliyozungushwa vizuri na kuwekwa pembeni itapata mtu wa kuiokota.

Usiipitishe mkono mtupu. Uzi uliokatika hutoka kama ndoana na kuchana kiganja. Shika kitambaa, ukikivuta taratibu. Kinapokwama, hapo pana uzi uliokatika. Tazama zaidi sehemu zinazopita kwenye kapi na zile zinazobaki palepale kila siku, kwa sababu kutu hupenda mahali pasiposogea.

Maji ya ziwa hayana chumvi, na hilo huwafanya watu wazembee wakidhani kutu ni shida ya Mombasa. Kutu ya huku huja polepole zaidi lakini inakuja, na huanzia ndani, ambako grisi imekauka na unyevu umebaki. Kamba isafishwe kwa brashi ya waya, ikauke, kisha ipakwe mafuta maalum ya kamba yanayopenya hadi kwenye kiini. Kuna desturi ya kupaka oili iliyokwisha tumika kwenye injini. Desturi hiyo ife. Oili hiyo ina uchafu na asidi, hukamata mchanga unaosaga nyuzi, na matone yake huishia kwenye maji yale yale wanayokunywa watoto na wanamozalia samaki.

Mahali pengine pa kukosea ni mwisho wa kamba, pale inapokunjwa kufanya kitanzi na kufungwa kwa klipu zenye umbo la U. Kitanda cha klipu, yaani kile kipande kinene chenye meno, hukaa upande wa kamba inayobeba mzigo. Ile U hukaa upande wa ncha fupi isiyobeba kitu. Klipu zikigeuzwa, U huuma kamba inayofanya kazi na kuidhoofisha. Klipu zisipungue 3, na nati zake zikazwe tena baada ya mzigo wa kwanza, kwani kamba ikikazwa hupungua unene kidogo na klipu hulegea. Kwenye dramu, hata ndoano ikiwa imeshuka hadi mwisho, mizunguko 3 ibaki. Kreni za majukwaa ya baharini hutakiwa kubakiza 5.

Ndoano, breki, mafuta na msingi

Ndoano hupimwa mdomo. Siku inapofungwa, pima nafasi ya mdomo na uiandike. Ikipanuka kwa zaidi ya asilimia 5, au chuma kikiliwa kwa zaidi ya asilimia 10, au ndoano ikionekana imejipinda, kazi yake imekwisha. Isipashwe moto na kugongwa irudi. Inayonyooshwa kwa nyundo hurudi na ufa. Kilemba cha mdomoni, kile kinachozuia kitanzi kutoka, kisifungwe kwa waya kikae wazi eti kinachelewesha kazi.

Breki hujaribiwa kila asubuhi kwa njia isiyogharimu kitu. Inua mzigo sentimita 10 tu kutoka chini, simama, hesabu dakika 2 au 3. Ukishuka hata kidogo, kreni imelala siku hiyo hadi fundi aje. Swichi ya kikomo, inayozuia ndoano isigonge ncha ya mkono, nayo ijaribiwe asubuhi hiyo hiyo, bila mzigo na kwa mwendo wa polepole.

Mafuta ya haidroliki yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Yabadilishwe na chanzo kitafutwe. Mipira iliyopasuka ibadilishwe kabla haijavuja. Hapa pana hatari ambayo haijulikani sana. Tundu dogo kama la sindano katika mpira wenye shinikizo hurusha mafuta kwa nguvu ya kupenya ngozi. Kwa hiyo uvujaji hautafutwi kwa kidole bali kwa kipande cha katoni. Mtu akipenywa, jeraha litaonekana dogo, kama kuchomwa na mwiba, na maumivu yanaweza kuchelewa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na wauguzi waambiwe ni mafuta ya shinikizo, kwa sababu akingoja hadi kesho anaweza kukatwa mkono.

Beringi ya kuzungukia hupakwa grisi kreni ikizungushwa taratibu, si ikiwa imesimama, ili grisi ienee pande zote. Bolti zake zikazwe kwa spana yenye kipimo, kulingana na kitabu cha mtengenezaji. Bolti moja ikilegea, ya jirani hubeba mzigo wake, na hivyo hivyo hadi zote zichoke.

Msingi wa kreni ya gatini una historia yake katika ziwa hili. Mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na fuo nyingi zikafunikwa na maji. Nguzo yoyote iliyosimama majini kipindi kile, au iliyojengwa baadaye kwenye udongo uliolowa, inahitaji mhandisi aichimbue kidogo na kuitazama chini ya usawa wa ardhi. Kupaka rangi juu hakuambii lolote kuhusu zege la chini.

Sheria na kitabu

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia vikaguliwe kikamilifu angalau mara moja kila miezi 6, na kreni zenyewe angalau mara moja kila miezi 12, na mtu aliyeidhinishwa na Mkurugenzi wa huduma za usalama na afya kazini. Fundi hodari wa kijiji anaweza kukarabati vizuri sana, lakini sahihi yake haisimami mahali pa cheti hicho. Baada ya kreni kufungwa upya au kufanyiwa matengenezo makubwa, hujaribiwa kwa mzigo unaozidi uwezo wake kwa robo: ya tani 4 hujaribiwa kwa tani 5, chini ya usimamizi wa mkaguzi, bila mtu yeyote karibu. Jaribio hilo ni la siku moja na lina mwenyewe. Halimpi mtu ruhusa ya kuzidisha mzigo siku nyingine.

Katika majukwaa ya mafuta, ratiba ya ukaguzi hufuata matumizi. Kanuni za Taasisi ya Petroli ya Marekani hutenganisha kreni inayofanya kazi saa 10 au chini kwa mwezi, ile ya kati, na ile ya saa 50 au zaidi, na inayotumika zaidi hukaguliwa mara nyingi zaidi. Wazo hilo linafaa kuigwa hapa, kwa sharti kwamba pawe na mtu anayejua kreni imefanya kazi saa ngapi. Kwa hiyo pawe na daftari. Daftari la kawaida la shule linatosha: tarehe, nani aliendesha, mzigo gani, saa ngapi, kilichoonekana, kilichorekebishwa. Mkaguzi akija, daftari hilo humsaidia kuliko maelezo ya watu watano wanaozungumza kwa pamoja.

Watu walio chini ya mzigo

Nusu ya usalama wa kreni iko kwa watu wanaoizunguka. Mpiga ishara awe mmoja na ajulikane. Gati lina kelele, na kila mwenye mzigo wake hupaza sauti, "Fundi, shusha! Fundi, vuta huku!" Mwendeshaji asimsikilize yeyote ila mpiga ishara wake, isipokuwa ishara moja ambayo mtu yeyote, hata mtoto, ana haki ya kuitoa: simama. Ishara hiyo ikitolewa, mwendeshaji anasimama kwanza na kuuliza baadaye.

Mzigo uongozwe kwa kamba ndefu, si kwa mikono, na mtu asizungushe kamba hiyo kiganjani. Kreni isivute mzigo wa kando. Ndoano iwe juu ya mzigo kabla ya kuinua, kwa sababu kreni hujengwa kubeba wima, na mkono wake ukivutwa ubavu hupinda kirahisi. Mtu asipandishwe kwa ndoano kutoka botini hata kama maji yamechafuka na ngazi ni mbali. Baharini watu huvushwa kwa vikapu maalum na kwa kreni zilizoidhinishwa kubeba watu, zenye breki za ziada. Kreni ya mizigo haina breki hizo.

Kreni isipotumika kwa muda mrefu, mkono ulazwe kwenye tegemeo lake na silinda zirudishwe ndani ili fito zake zinazong'aa zibaki kwenye mafuta, maana fito ikipata vishimo vya kutu itachana sili kila ikipita. Ndoano ifungwe isiyumbe. Gugu maji lililonasa kwenye nguzo liondolewe, kwa kuwa huhifadhi unyevu na kuficha nyufa. Mara moja kwa mwezi mashine iwashwe, izungushwe na ipakwe grisi. Ufunguo usikae na dereva nyumbani. Ukae ofisini kwa BMU pamoja na daftari, ili anayetaka kuuchukua aandike kwanza asubuhi ile ametazama nini.